Neno la Heshima kwa Babu Viatu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi, moyo wangu unarudi kwenye chumba chetu cha mbele. Kilikuwa chumba kidogo. Cherehani ya Mama ilikaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Meza yangu ya pasi ilikaa upande wa pili. Katikati zilining'inia nguo za watu: suruali za kupunguzwa urefu, sketi za kutiwa zipu mpya, mashati ya kugeuzwa kola. Ukitaka kutoka kwa Mama kuja kwangu, ulipita huku mikono ya makoti ikikupapasa usoni.

Mama yangu alijulikana kwa jina la Bi Kiraka. Hakulichukia. Kiraka chake kilikuwa hakionekani hata ukikitafuta kwa miwani, na jina hilo lilimletea wateja.

Tulifanya kazi siku zote isipokuwa Jumapili. Jumapili ilikuwa siku ya simu.

Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali. Alihamia huko na binti yake, ambaye tulimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alipoondoka, Kidoti alikuwa mdogo, hata shule hajaanza. Akakulia kwenye Kiingereza. Kiswahili chake kikabaki "shikamoo Bibi", "asante" na "nina njaa".

Mwanzoni Dada alikaa katikati, akitafsiri huku na kule. Baadaye zamu zake zikaangukia Jumapili. Bibi na mjukuu wakabaki peke yao, kila mmoja na simu yake, wakitazamana.

Mama alikuwa na Kiingereza kidogo. Aliwahi kusoma masomo ya jioni. Alijua majina ya vitu, salamu, rangi na siku. Kidoti naye alikuwa amefika umri ule wa kuongea mbio. Mama alipoachwa njiani alikuwa na jibu moja la kumwokoa: "Very good!" Vizuri sana. Kidoti akisema amefaulu mtihani, "Very good!" Kidoti akisema amepoteza mwavuli, "Very good!"

Jumapili moja Kidoti alitokea kwenye simu amejifunika blanketi. Macho yalikuwa mekundu.

"Bibi, I'm a bit under the weather today," alisema.

"Very good!" Mama akajibu kwa furaha. "Very good, mjukuu wangu!"

Kidoti akaangalia pembeni. Haikupita muda akaaga.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Sijui," Mama akasema. "'Under' ni chini. 'Weather' ni hali ya hewa, nasikia redioni. Maneno yote nayajua, habari yenyewe siijui."

Dada alipopiga, ndipo tulipoelewa. Wazungumzaji wa Kiingereza wakisema mtu yuko "under the weather", maana yake hajisikii vizuri. Mtoto alikuwa na homa.

Mama alishika kichwa. "Mjukuu wangu anaumwa, na mimi nashangilia! Ataona Bibi hana haja naye."

Hilo ndilo lililomtia hofu. Alijua watoto wanavyokua. Leo anapiga kila Jumapili. Kesho anapiga akikumbuka. Keshokutwa ni salamu za kupitia kwa mama yake tu.

Mama si mtu wa kukaa na kulia. Alikwenda kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, akarudi na kijitabu cha misemo ya Kiingereza. Kushoto kulikuwa na msemo, kulia maana yake. Akakibana kwa kibanio cha nguo juu ya cherehani, akawa anashona na kukariri.

"'Piece of cake', rahisi sana. 'Once in a blue moon', mara chache mno. 'Spill the beans', kutoa siri."

"Mama, angalia usijishone ulimi," nikamtania.

"Wewe piga pasi yako."

Jumapili iliyofuata alimmwagia mtoto misemo yote, bila breki. Habari za kazi zilikuwa "piece of cake". Habari za jirani zilikuwa "once in a blue moon". Mvua haikuwapo kabisa, jua linawaka, lakini Mama alitangaza kwamba "it's raining cats and dogs", msemo wa mvua kubwa ya kutisha. Kidoti alicheka kidogo. Kisha akauliza kama Bibi anasoma mahali. Mama akakana kabisa, huku jicho lake liko kwenye kibanio.

Tulicheka sana siku ile. Hatukujua kwamba kijitabu kile kingekuja kututoa machozi.

Mjomba, kaka yake Mama, alifariki mwishoni mwa msimu ule. Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya mtaa wetu, na vidole vyake vilinuka gundi siku zote. Hakuwa na mtoto. Kidoti alimwita Babu Viatu.

Kidoti alikuja kututembelea mara moja tu akiwa bado mdogo, na katika ziara ile hakutaka kukaa na mtu mwingine. Namkumbuka Mjomba siku moja mvua ilipowakuta njiani. Alimbeba mtoto mabegani, akatimua mbio akipiga kelele, "Miguu niponye! Miguu niponye!" Mtoto juu anacheka mpaka anapaliwa. Mtaa mzima ulitokeza madirishani kuwatazama. Nikifumba macho sasa hivi nawaona, wameloa chapa, wanaingia chumba cha mbele na kunilowanishia nguo nilizokwisha kuzinyoosha. Niliwagombeza. Natamani wangenilowanishia tena.

Dada alipopata habari za msiba alimwambia Mama hivi: "Mwambie Kidoti wewe. Yule ni kaka yako. Atapokea vizuri zaidi kutoka kwako."

Mama alikaa na jambo hilo kutwa nzima.

"Nimwambieje?" aliniuliza. "Neno la kufa nalijua, ni 'died'. Lakini neno lile liko uchi, mwanangu. Kuku anakufa. Saa inakufa. Mtu anaaga dunia. Siwezi kumtaja kaka yangu kwa neno moja kavu kama saa mbovu."

Akachukua kijitabu. Akashuka na kidole upande wa kulia, akitafuta maana ya kufa. Akaipata. Akatazama kushoto, akasoma kwa sauti: "Kick the bucket."

"Si ni kupiga ndoo teke hilo?" nikauliza. "Ndoo imeingiaje?"

"Na sisi tunaiaga dunia, dunia ina masikio? Maneno ya heshima huzunguka. Hayaendi moja kwa moja."

Niliona ana hoja. Nani angebisha?

Jumapili Mama alivaa nguo yake nzuri. Alikaa wima, mikono mapajani. Kidoti alipotokea, Mama alisalimiana naye, kisha akasema polepole, kwa heshima zote alizokuwa nazo: "My child, Babu Viatu kicked the bucket."

Kidoti alimkodolea macho.

"That's not funny, Bibi," alisema. Hilo si jambo la kuchekesha.

Kioo cha simu kikawa cheusi.

"Imekatika yenyewe?" Mama akaniuliza.

Niliichukua simu, nikaiweka mezani.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Mama alikaa nayo mapajani mpaka jua likazama. Jumapili nyingine, vilevile. Katikati ya wiki Dada alipiga, sauti imemkauka.

"Mama, ulimwambia nini mtoto? Analia. Anasema Bibi amemfanyia mzaha Babu Viatu, na hata kaburi lake halijakauka."

"Mzaha?" Mama akasema. "Mimi? Kaka yangu?"

Akairudisha simu kwangu.

Siku ile ile akaja Bi Laini kuchukua koti lake. Bi Laini alikuwa jirani yetu. Kabla ya kustaafu alifanya kazi kwenye mitambo ya simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mbali unamwomba mwanamke wa mitamboni akuunganishe. Maisha yake yote aliwaambia watu, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba laini ina shughuli, wasubiri. Jina likamganda.

Alilichukua koti, akalitazama kiwikoni.

"Bi Kiraka! Kiraka hiki nimekiona tangu mlangoni. Kuna nini, shoga yangu?"

Mama alijaribu kucheka, akashindwa. Ikabidi nieleze mimi. Nilieleza habari ya homa, ya kijitabu, ya msiba, mpaka ile simu iliyokatwa. Bi Laini alivuta kiti, akakaa katikati ya makoti.

"Nani alikuambia hilo ni neno la heshima?" akamuuliza Mama.

"Kitabu kimesema maana yake ni kufa."

"Na ni kweli. Kitabu hakikudanganya. Sasa nijibu. Kukata kamba maana yake nini?"

"Kufa."

"Kuaga dunia?"

"Kufa."

"Haya. Kesho unakwenda msibani. Utamwambia mfiwa, 'Pole sana, nimesikia baba yako kakata kamba'?"

Mama aliweka mkono mdomoni. Aliuacha hapo muda mrefu.

"'Kick the bucket' ndiyo kukata kamba yao," Bi Laini akaendelea, kwa upole sasa. "Ni neno la utani. Wanalitumia vijiweni, kwa mtu ambaye hakuna anayemlilia pale. Kwa mtu unayempenda wanasema 'he passed away'. Hiyo ndiyo kuaga dunia yao. Hata 'he died' wanaisema msibani bila tatizo. Kwao neno hilo haliko uchi kama unavyolisikia wewe."

"Nilitafuta la heshima," Mama akasema. Hapo ndipo alipolia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia vile. "Bi Laini, nilikuwa natafuta la heshima kwa ajili ya kaka yangu."

"Najua. Na mtoto atajua, ukimwambia."

Nikaenda kuchemsha maji ya chai. Niliporudi, Bi Laini alikuwa amekitoa kile kijitabu kwenye kibanio, anakifunua.

"Kitabu si kibaya," alisema. "Lakini kinakupa maana tu. Hakikuambii nani anasema, anamwambia nani, na wanacheka au wanalia. Hayo lazima uyatafute kwa watu. Mimi nilijifunza masikioni. Nikiusikia msemo, nasubiri niusikie tena kwa mtu mwingine. Nikishindwa, nauliza, 'What does that mean?' Maana yake nini. Ukiuliza, mtu anafurahi kukufundisha."

"Mimi naona aibu," Mama akasema. "Naogopa atachoka kunieleza."

"Ndiyo maana unamwambia 'very good' mtoto mwenye homa?"

Mama akacheka kwa pua, machozi bado mashavuni.

"Jambo lingine," Bi Laini akasema. "Mteja akikuletea shati zima, halina tundu, unalitia kiraka?"

"Nilitie kwa nini?"

"Basi mbona Jumapili ile ulitia misemo kila mahali? Mpaka mvua ukainyesha juani! Zungumza Kiingereza chako cha kawaida. Msemo mmoja, mahali pake, unatosha. Na usiufumue neno kwa neno kama unavyofumua pindo la suruali. Uchukue mzima. Kisha utafutie ndugu yake kwenye Kiswahili. Ukimpata ndugu, huusahau. Haya, 'piece of cake'. Jambo jepesi sana. Ndugu yake nani?"

"Kumsukuma mlevi!" nikadakia mimi.

"Umepata. 'Keep an eye on' mtoto?"

"Kumtupia jicho," Mama akasema.

"'Call it a day', mmechoka, kazi ya leo basi?"

"Kufunga kazi."

"'Spill the beans'?"

Mama alifikiri. "Kutoboa siri. Kumwaga mtama! Kumbe wenzetu wanamwaga maharage?"

Tulicheka sote. Chumba kile kilikuwa hakijasikia kicheko tangu msiba.

"Lakini si kila msemo una ndugu," Bi Laini akatuonya. "'Under the weather' sijawahi kumwona ndugu yake. Huo elewa tu kwamba mtu hajisikii vizuri, umpe pole." Akasimama na koti lake, kisha akalirudisha mezani. "Hiki kiraka fumua. Nitarudi mkono wako ukitulia."

Jumapili Mama hakusubiri simu ilie. Alipiga mwenyewe. Ililia mpaka nikakata tamaa. Kisha ikapokelewa, lakini tuliona dari tu. Kidoti alikuwa ameilaza simu mezani.

Mama alizungumza na ile dari. Alitumia Kiingereza chake cha masomo ya jioni, pole pole, bila msemo. Nakiweka hapa kwa Kiswahili.

"Mjukuu wangu, nilikosea. Nilitaka neno laini la kumtaja kaka yangu. Sikulijua. Nikachukua neno la mzaha, nikidhani ni neno la heshima. Sikumcheka. Nilimpenda tangu tukiwa watoto. Samahani." Kisha akamalizia kwa maneno aliyoyafanyia mazoezi tangu Bi Laini alipoondoka: "He passed away."

Dari haikusogea.

"Kwetu tunasema ameaga dunia," Mama akaendelea. "Maana yake ameiambia dunia kwaheri. Kama mgeni mwenye adabu, anayeaga kabla ya kutoka nyumbani kwa watu."

Dari ikayumba. Uso wa Kidoti ukatokea, pua nyekundu.

"Ameaga dunia," akarudia, neno baada ya neno. Akafuta macho. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza "miguu niponye" maana yake nini.

Mama aligeuka kunitazama. Mtoto alikuwa ametunza maneno yale miaka yote, kama mtu anayekumbuka sauti ya wimbo bila kujua unasema nini. Kumbe kila mvua iliponyesha kule kwao alikuwa akiyasema kimoyomoyo. Hakuwahi kumuuliza mtu. Naye aliona aibu.

"'Legs, save me,'" Mama akamwambia. "Unasema hivyo unapokimbia jambo. Unaiomba miguu yako ikuokoe."

Kidoti alicheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Mama huku akalia naye. Hakuna aliyekata simu.

Kuanzia siku ile walikuwa na desturi yao. Kila Jumapili Kidoti alileta msemo mmoja, Mama alitoa mmoja. Aliyepokea alikuwa na wiki nzima ya kuutumia mara moja tu, mahali panapostahili, na akikosea anaulizwa nani, kwa nani, wanacheka au wanalia. "Very good" ilipigwa marufuku. Mama akikwama alisema "What does that mean?" kwa sauti ya juu, kama mwenye haki yake.

Kidoti alipoambiwa kwamba Babu Viatu alikuwa amekula chumvi nyingi, alitaka kujua kama ndiyo iliyomuua. Mama akamweleza kwamba ni namna ya kumsifu aliyeishi miaka mingi. Kidoti alipoogopa kupanda jukwaani siku ya maonyesho ya shule, alisema ana "cold feet", yaani ameingiwa na woga dakika ya mwisho. Mama akamwambia apige moyo konde. Akaupiga, akapanda.

Mimi nilipiga pasi na kusikiliza. Wakati ule nilidhani Jumapili kama zile hazina mwisho.

Kidoti alirudi kututembelea akiwa amekua. Alikuwa amempita Mama kwa urefu, na alama yake ipo palepale shavuni. Alikaa kwenye chumba cha mbele akijifunza kutia kiraka. Jioni ya siku ya kwanza aliuliza kilipokuwa kibanda cha Babu Viatu. Mama akampeleka mpaka kwenye kona. Palikuwa na duka la vocha pale. Walisimama kidogo mbele yake, wakaja kunisimulia.

Siku moja walikwenda pamoja kwa Bi Laini kumpelekea gauni. Wakati wa kurudi anga likafunga ghafla. Nilikuwa dirishani nikianua nguo nilipowaona wanaikata kona ile ile. Mvua ikaporomoka yote kwa pamoja.

"Raining cats and dogs!" Mama akapiga kelele. Safari hii ilikuwa kweli.

Kidoti alisimama katikati ya barabara. Alitazama juu, akatazama pale kilipokuwa kibanda. Kisha akamshika Bibi yake mkono, akaita kwa sauti yake yote, mtaa mzima ukasikia: "Miguu niponye! Bibi, miguu niponye!"

Hawakukimbia. Magoti ya Mama yalikuwa yamekwisha kukataa kukimbia zamani. Walikuja polepole, mkono kwa mkono, wameloa chapa, wakiiomba miguu iwaponye kila hatua, wanacheka mpaka wanapaliwa. Waliingia chumba cha mbele, wakanilowanishia nguo zote nilizokwisha kuzinyoosha.

Sikuwagombeza.